Makofi Kabla ya Wimbo

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Theluji ya Stockholm ilikuwa imeanza kuyeyuka, na changarawe walizomwaga barabarani ili watu wasiteleze zilikuwa zinalia chini ya viatu. Siku hiyo kaka yangu Ramadhani alipigiwa makofi mengi kwa wimbo ambao hakuuimba. Nimelihifadhi jambo hilo muda mrefu. Juzi uliponiambia kwamba umepiga muziki wako mbele ya watu wakakaa kimya kama picha ukutani, na kwamba hutaki tena kupanda jukwaani, nikaona wakati wa kulitoa umefika.

Sisi tulitoka upande wa Tabora. Babu yetu alikuwa manju, mtu anayetunga nyimbo na kuziongoza, watu wakilima au wakisherehekea. Kaka alirithi sauti ya babu. Akiwa kijana alipata gitaa kavu, akajifundisha kulipiga kwa vidole viwili tu: gumba linatembea chini polepole kama mtu anayepalilia, na kidole cha shahada kinaimba juu. Alipopata nafasi ya kujifunza ufundi katika kiwanda cha malori kule Södertälje, karibu na Stockholm, alilibeba gitaa hilo safari nzima kama abebavyo mtu mtoto. Baadaye akaniita mimi.

Mimi nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya msingi, na mwenye haya kupita kiasi. Nikiitwa jina langu mbele ya watu, nilijibu kwa kuinamisha kichwa. Nilipata kazi ya kufua mashuka hospitalini, na Kiswidi changu nilikiokota hapo, kati ya mashine na akina mama waliopenda kunisahihisha. Tuliishi Bredäng, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm. Majengo yalikuwa mapya, na miti iliyopandwa nje ilikuwa bado mifupi kuliko watoto.

Watu wetu wa Tanzania na Kenya walipokutana, kaka alikwenda na gitaa. Walimpenda yeye, lakini nyimbo zake hawakuzitaka. Jirani yetu Otieno, mtu wa Kisumu aliyejaa mizaha, alikuwa akimwambia, "Rama, bwana, nyimbo zako zinanuka jembe! Mimi nimevuka bahari kulikimbia jembe, na wewe unanifuata nalo mpaka Bredäng?" Watu wanacheka, mtu anaweka santuri ya rumba, na sakafu inajaa. Kaka naye anacheka. Lakini mimi nilimwona akilifunika gitaa taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Wanasema mcheza kwao hutunzwa," aliniambia siku moja tukirudi nyumbani. "Mimi sijui tena kwetu ni wapi."

Ndipo akatokea Bibi Birgitta. Alikuwa mwalimu aliyeishi jengo letu, na alikuwa katika kikundi cha watu wapendao nyimbo za kale. Alimsikia kaka katika chumba cha kufulia, kule chini kabisa, ambako wakazi wote hufua kwa zamu. Kaka alipenda kupiga gitaa kule akisubiri mashine, kwa sababu kuta ziliirudisha sauti vizuri. Bibi Birgitta alisimama mlangoni na kapu lake la nguo hadi wimbo ukaisha. Kisha akamwalika aimbe katika ukumbi mmoja wa Skärholmen, mtaa wa jirani, alasiri ambayo mzee mmoja wa Kimarekani angekuja kupiga muziki wa watu weusi wa kwao, ule wa huzuni wanaouita bluzi.

"Uje na nguo za kwenu," alimwomba.

Kaka akachagua suti. "Hizi ndizo za kwetu," aliniambia nikimpigia pasi. "Babu alizikwa na sanda kama kila mtu, lakini alioa kwa suti." Nilipoinua macho nilimwona anaangalia gitaa. "Mwajuma, watu wetu wameshanichoka. Na hawa wakinikataa leo, basi. Gitaa nitampa Otieno aliwekee redio juu yake. Nitabaki na spana zangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia atakayopita. Ndiyo maana niliogopa.

Sasa sikiliza desturi ya babu, maana ndiyo iliyotuponza. Manju wa ukoo wetu haanzi kuimba hivi hivi. Hubisha hodi kwanza, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu. Wanaosikiliza humjibu, "Karibu, manju!" Hapo wimbo unaingia. Akibisha mara tatu bila kujibiwa, hubeba chombo chake akaondoka, wala hana ruhusa ya kununa, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Babu alikuwa akisema wimbo unaoingia bila kukaribishwa ni mwizi. Wewe umezaliwa hapa penye kengele milangoni, lakini najua mama yako amekufundisha kwamba hodi ya tatu ndiyo ya mwisho. Sisi tulifanya hivyo hata kwa nyimbo. Kule Bredäng Otieno ndiye aliyekuwa akimjibu kaka siku zote: "Karibu, manju, lakini jembe liache nje!"

Tulikwenda sote watatu. Kaka akapelekwa nyuma ya jukwaa. Otieno akabaki barazani amalize sigara yake, akaanza kumchekesha mama anayetunza makoti. Mimi nikaingia peke yangu, nikakaa kiti cha nyuma karibu na ukuta. Ukumbi ulijaa. Vijana wenye nywele ndefu na masweta ya sufu, wazee waliochana nywele vizuri, wanawake wenye mikono mapajani. Hakuna aliyesukumana wala kuitana. Kaka alipotoka, walinyamaza kiasi kwamba nilisikia kiti chake kikilia.

Akakaa, akaweka gitaa sawa, akaita kwa sauti ya babu: "Hodi, wenye mji!"

Kimya.

Walimwangalia kwa adabu. Bibi mmoja wa mbele alitikisa kichwa, akatabasamu. Kaka akasubiri. Nao wakasubiri. Mwanangu, sijapata kuona watu wenye heshima kiasi kile wakipishana namna ile. Kaka akaita mara ya pili. Mtu mmoja alitaka kukohoa, akaziba mdomo kwa leso asimkatize. Katika ukumbi mzima nilikuwa mimi peke yangu ninayejua jibu. Lilikuwa mdomoni, neno moja tu, na ulimi ulikuwa umekauka kama ubao. Nikageuka kumtafuta Otieno. Hakuwepo.

Kaka akaita mara ya tatu, chini kidogo. Kisha akasimama, akainamisha kichwa, akabeba gitaa, akaondoka.

Nao wakapiga makofi! Walipiga makofi kwa moyo, wengine macho yakiwa yamelowa. Walidhani ule ndio wimbo wenyewe, hodi tatu na ukimya wake. Mimi nilibaki nimeshika kiti.

Ikawa mapumziko, watu wakaenda kunywa kahawa na kula mikate ya mdalasini. Mimi na Otieno tukakimbilia nyuma ya jukwaa. Tulimkuta kaka ameshaliweka gitaa ndani ya kasha, anafunga vifungo. Kwenye kona alikaa yule mzee wa Kimarekani, mrefu, mweusi kuliko sisi, suti ya kijivu, kofia imewekwa juu ya goti. Alikuwa anamtazama kaka kwa makini. Akamuuliza kitu kwa Kiingereza, na Otieno, ambaye Kiingereza alikuwa nacho, akawa daraja letu.

"Mzee anauliza, mbona unafunga?"

"Nimebisha mara tatu wamenyamaza," kaka akasema. "Halafu wakanifukuza kwa makofi."

"Rama, makofi hapa si ya kumfukuza mtu."

"Sasa ya nini? Nimeimba nini mimi?"

Otieno akamweleza mzee desturi yetu tangu mwanzo. Mzee alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuwa anamcheka kaka. Alicheka kama mtu aliyemwona ndugu yake anaanguka kwenye shimo lile lile aliloangukia yeye. Kisha akafuta macho, akaanza kusema, taratibu, akimpa Otieno nafasi ya kutafsiri.

"Mara ya kwanza nilipokuja nchi hizi," alisema, "nilipiga wimbo wa kwanza, hakuna aliyeitikia. Kwetu nikitoa mstari mmoja, watu wanautupa huku na huku, huyu anapiga kelele, yule ananitukana kwa mapenzi. Ukiona wamenyamaza, angalia mlango wa kutokea, maana chupa zinakuja. Huku walinyamaza wote. Nikafikiri nimekufa, na hawa wamekuja matanga. Kumbe walikuwa wanasikiliza. Sikuwa najua kwamba watu wanaweza kusikiliza hivyo."

Kaka akamwambia kwamba watu wake mwenyewe ndio waliomkataa kwanza. Wanasema nyimbo zake zinanuka jembe. Otieno alipofika kwenye maneno hayo alisita, akatazama viatu vyake, akayatafsiri hivyo hivyo. Ni mtu mwaminifu, Otieno.

Mzee hakucheka tena. "Wangu pia," akasema. "Walitoka mashambani wakaenda mijini, wakataka muziki wa tarumbeta na viatu vinavyong'aa. Waliniacha, nikaenda kupika chakula cha watoto wa shule. Miaka ikapita. Siku moja wakaja vijana wa Kizungu na santuri yangu ya zamani, wananiuliza kama mimi ndiye. Wanajua mistari ambayo mimi nimeisahau. Mmoja akataka nivae ovaroli jukwaani, eti nionekane wa kweli! Nikamwambia, mwanangu, nilipiga gitaa hili miaka yote ili nisivae ovaroli." Akapapasa suti yake, akaitazama ya kaka, wakaelewana bila mkalimani.

"Lakini sikuwalaumu watu wangu," akaendelea. "Walichuma pamba chini ya wimbo ule. Nani atacheza wimbo wa jasho lake mwenyewe? Hawa wa huku hawakuchuma, kwa hiyo wanaupenda bila kuumwa mgongo. Sasa sikiliza, kijana. Wenu wanaumwa mgongo, wape muda. Na hawa ulibisha hodi kwenye ukuta wao, ukaukasirikia ukuta kwa kutofunguka. Uliwaonyesha mlango uko wapi?"

Kaka akageuka kutazama upande wa ukumbi. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na wale watu walikuwa gizani. Mimi pia niliona hivyo.

Kisha mzee akauliza, "Mle ndani hakukuwa na hata mtu mmoja anayejua jibu?"

"Mimi nilikuwa nje, Mzee, navuta sigara," Otieno akasema upesi.

Kaka hakunitazama. Hakutaja jina langu. Alijishughulisha na kifungo cha kasha ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Angenigombeza ningelia tu yakaisha, lakini alinificha, na kule kufichwa ndiko kulikoniuma. Mzee akaona. Akanigeukia.

"Binti," akasema, "ulikuwepo?"

Nikakubali kwa kichwa, nikiangalia sakafu. "Naona haya," nikasema kwa sauti ambayo hata Otieno aliinama kuisikia.

"Hata mimi," mzee akajibu. "Mpaka leo magoti yananigongana kabla sijatoka pale mbele. Haya haiui, inauma tu. Lakini kaka yako alisimama nje kwenye baridi anabisha, na ndani ya nyumba ulikuwepo wewe peke yako unayemjua. Nani mwingine angefungua?"

Alinikemea hivyo, mwanangu, kwa upole, na kofia yake juu ya goti. Nimeshasikia makaripio mengi maishani, ya mabosi na ya wakwe. Hakuna lililoingia kama lile.

Mapumziko yakaisha. Mzee alimshika kaka mkono, akamwomba asiondoke mpaka amsikie. Kaka akabaki pembeni mwa pazia, kasha mkononi, koti amelivaa tayari. Mimi nikarudi kwenye kiti changu, Otieno akakaa upande wangu.

Mzee alipopiga, niliwatazama wale Waswidi kwa macho mengine. Msichana mmoja alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Babu mmoja alikuwa anapiga goti kwa kidole, kidole kimoja tu, kwa siri, kama mtu anayeiba. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ule ukimya ulikuwa umejaa, na watu walikuwa wamekaa ndani yake, wanangoja mtu awaambie kwamba wanaruhusiwa.

Halafu mzee akageuka, akamwita kaka kwa mkono.

Nilidhani hatatoka. Alitoka na koti lake. Akafungua kasha mbele ya watu wote, akakaa kwenye kiti ambacho mzee alimwachia. Kisha akaita, "Hodi, wenye mji!"

Otieno alivuta pumzi ajibu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Subiri." Nikasimama. Nikasema, "Karibu, manju." Sauti ilitoka nyembamba kama uzi, lakini ilifika. Vichwa vyote viligeuka. Kaka akaniona. Nikasema kwa Kiswidi changu cha kufulia mashuka, "Huyu ni kaka yangu. Anabisha hodi. Hawezi kuingia mpaka mumwambie karibu."

Wakatazamana. Yule babu wa kidole ndiye aliyeanza: "Karibu." Kaka akaita tena. Wakajibu wengi, kwa uangalifu, kama wanasoma ubao darasani. Otieno akawapigia kelele kwa Kiswidi kwamba hata kuku wa kwao hujibu kwa nguvu zaidi, wakacheka. Kaka akaita mara ya tatu.

Kaka hakujua, na mimi sikujua, kwamba wale watu huimba kwaya tangu utotoni, makanisani, mashuleni, hata viwandani. Walichokosa ni ruhusa tu. Mara ya tatu "karibu" yao ilipanda kwa sauti nne, nene na nyembamba, ikasimama hewani kama paa la nyumba. Kaka alishtuka mpaka kidole kikateleza kwenye uzi. Yule mzee wa Kimarekani akasema kitu, na Otieno akanitafsiria huku anacheka: "Anasema sasa wamefungua hata madirisha."

Kaka akaimba wimbo wa babu wa kupalilia, na wao wakabeba kiitikio mpaka mwisho, katika sauti ambazo wimbo ule haukuwahi kuvishwa tangu kutungwa. Otieno aliacha kucheka. Aliimba na yeye, kwa macho yaliyofumba, wimbo alioukimbia. Tulipotoka nje alimwambia kaka, "Rama, usiwaambie watu," na kaka akamjibu, "Nitawaambia kesho asubuhi."

Sitakudanganya kwamba kaka alipata jina kubwa. Hakupata. Aliendelea na malori yake, na Jumapili akiitwa kwenye maktaba na shule, alikwenda, akiwafundisha watu neno moja kwanza kabla ya kukaa. Yule mzee hakurudi tena. Tulisikia alifariki kwao. Watu wetu walichukua muda mrefu zaidi, kama alivyosema. Walikuja walipoanza kuzaa watoto huku, na watoto wakaanza kuwajibu kwa Kiswidi. Hapo ndipo mmoja mmoja alimwendea kaka, anaona aibu kidogo, anamuuliza kama anaukumbuka wimbo fulani wa kupalilia. Aliwaimbia wote. Hakumwuliza mtu alikuwa wapi siku zote.

Kwa hiyo, mwanangu, haya ndiyo ninayotaka uyashike. Watu wakikunyamazia, usikimbilie kusema wamekukataa. Labda wanakuheshimu kwa namna ya kwao, na wewe hujawaambia namna ya kwako. Waambie, kuelekeza si kujishusha. Watu wako wenyewe wakikukimbia, usiwalaani. Uliza ni mzigo gani waliubeba wakati wimbo ule ukiimbwa, kisha uwape muda na uendelee kuimba. Usibadili suti yako kwa ovaroli ili mtu akuone wa kweli. Na siku ambayo hutakuwa jukwaani, ukawa wewe ndiye uliyekaa nyuma karibu na ukuta, na mwenzako anaita, na neno analolingoja liko mdomoni mwako, basi simama ulitoe. Usingoje haya ikuishe kwanza. Mimi ni mzee sasa na yangu haijaisha. Ninasimama nayo hivyo hivyo.

Nenda kapande tena. Mwenyezi Mungu aiweke mikono yako, aitunze sauti yako na wale watakaoipenda bila kukujua. Akupe wimbo na akupe masikio ya watu. Na ikiwa amepanga kukupa kimoja kwanza, basi akupe na subira ya kukingojea cha pili. Amina.